Nani ni Nani wa Nani: Mjadala kuhusu Kupanga Undugu Kilimanjaro

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Siha na Machame upande wa magharibi, kupitia Kibosho, Old Moshi, Kilema na Marangu, hadi Rombo upande wa mashariki, swali la nani ni ndugu wa nani, na kwa njia ipi, haliulizwi kwa udadisi tu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua nani atazikwa wapi, nani atarithi kipande kipi cha ardhi, nani hawezi kumwoa nani, na nani ataketi wapi ukoo unapokutana. Swali hilo limezidi kuwa gumu kadiri familia za Wachaga zinavyotawanyika, kwa maana watoto waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo hupanda mlimani mwezi Desemba, wakaonyeshwa watu wa kuwaamkia kama baba mkubwa, shangazi au babu, kisha wakarudi walikotoka bila kuijua njia inayowaunganisha na watu hao.

Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti nne, ambazo si za watu halisi bali ni za misimamo inayosikika katika vikao vya koo, mahakamani, kanisani na maabarani. Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba kumbukumbu ya ukoo, kama inavyotunzwa na wazee na kushuhudiwa na ardhi yenyewe, inatosha kuamua undugu wa watu. Mzee wa ukoo anaitetea hoja hiyo, mwanasheria anaipinga, shangazi anawapinga wote wawili, na mtaalamu wa vinasaba anakuja na ushahidi ambao kila mmoja wao anadhani utamsaidia.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Nasaba ni mfuatano wa uzazi kutoka kwa mtu kwenda kwa wazazi wake, kwa wazazi wa wazazi wake, na kuendelea hivyo hivyo juu, kwa pande zote. Ukoo ni kundi la watu wanaojihesabu kuwa wazao wa babu mmoja kwa upande wa kuumeni, yaani kupitia wanaume peke yao, hivyo kwamba mtoto huwa wa ukoo wa baba yake, na mtoto wa binti huwa wa ukoo mwingine. Upande wa mama na wa bibi huitwa kukeni. Kihamba, ambacho wingi wake ni vihamba, ni shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, miti na nyumba, linalorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, tofauti na mashamba ya tambarare yanayolimwa mahindi na maharage.

Hoja ya mzee wa ukoo

Mzee wa ukoo anaanza kwa kusema kwamba wanaodhani undugu wa mlimani umehifadhiwa vichwani tu hawajatembea kihambani wakiongozwa na anayekijua. Mipaka ya vihamba imepandwa masale, mmea ambao Wachaga wanauheshimu kiasi kwamba jani lake hutumika kuombea msamaha, na ndani ya mipaka hiyo yamo makaburi ya waliotangulia, kwa kuwa mtu huzikwa kwao hata kama alifia mbali. Anayepita kutoka kihamba hadi kihamba hukuta kwamba majirani ni watoto wa mtu na nduguye, na kwamba kila mpaka uliwekwa siku baba fulani alipowagawia wanawe, kwa hiyo ramani ya vihamba vya ukoo ni nasaba iliyoandikwa ardhini. Kwa desturi, kifungua mimba wa kiume hukatiwa sehemu yake mapema, kitinda mimba hubaki na wazazi na kurithi boma lao, na wa katikati hutafutiwa au hujitafutia mahali pengine. Anayeijua kanuni hiyo anaweza kukisia, kwa kuangalia tu nani anakaa katika boma la zamani, kwamba huyo ametokana na mfululizo wa vitinda mimba.

Pili, anasema mzee, kumbukumbu hiyo hupimwa hadharani mara kwa mara. Mbuzi anapochinjwa kwa ajili ya jambo la ukoo, kidari, mgongo, paja, shingo na ini haviliwi ovyo, kwa sababu kila kiungo kina mwenyewe kulingana na nafasi yake, na ingawa mgao hutofautiana kati ya Machame, Kibosho na Rombo, hakuna mahali ambapo mtu huchukua kiungo kisicho chake bila kuulizwa. Mdogo akipewa cha mkubwa, wa kwanza kulalamika ni mkubwa mwenyewe, na katika ubishi huo nasaba hutajwa upya mbele ya watoto, jina kwa jina, mpaka ieleweke nani alitangulia kuzaliwa na kwa mke yupi. Kumbukumbu inayokaguliwa na watu wenye masilahi yanayopingana, kila mmoja akiwa macho asipunjwe, haiwezi kuwa ya kubuni.

Tatu, majina nayo ni kumbukumbu. Mtoto wa kwanza wa kiume huelekea kupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, na kwa mabinti hali kadhalika kwa upande wa bibi, kwa hiyo anayepata orodha ya watoto wa nyumba moja kwa mpangilio wa kuzaliwa tayari amepata majina ya kizazi kilichopita. Mzee anahitimisha kwamba hakuna karatasi inayoweza kumweleza mtu mambo mengi namna hiyo kwa mara moja.

Pingamizi la mwanasheria

Mwanasheria hakatai kwamba kihamba ni ushahidi, ila anauliza ni ushahidi wa nini. Kumbukumbu inayokaguliwa na wenye masilahi, anasema, hulindwa pale tu masilahi yao yanapogongana, na pale yanapolingana wote wanaweza kusahau kwa pamoja bila kuwapo wa kulalamika. Mfano anaouleta unatoka kwa Wativ wa Nigeria, ambao mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliwaandika mwaka 1952: nasaba walizozitaja wakati huo katika kudai haki zao zilitofautiana na zile ambazo maofisa wa kikoloni walikuwa wameziandika miongo iliyotangulia, na wenyewe walishikilia kwamba vitabu ndivyo vilivyokosea, kwa sababu nasaba ilikuwa imebadilika taratibu kufuata jinsi makundi yalivyohusiana kwa sasa. Kwa kawaida jina la mwanzilishi hubaki, majina ya vizazi vitatu au vinne vya karibuni hubaki, na ya katikati hudondoka, kwa hiyo nasaba huonekana kuwa na urefu uleule kila inaposimuliwa, ingawa miaka inaongezeka.

Kilimanjaro haikuwa kando ya mabadiliko ya namna hiyo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi mlimani kati ya mwaka 1902 na 1938 kwa vipindi tofauti, aliiandika sheria ya Wachaga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926, na wengi wamekisoma kana kwamba kinaeleza mila isiyobadilika. Sally Falk Moore, katika utafiti wake wa sheria za kimila Kilimanjaro kati ya mwaka 1880 na 1980, uliochapishwa mwaka 1986, alionyesha kinyume chake, yaani kwamba kahawa, uhaba wa ardhi, mahakama na ajira vilikuwa vikibadilisha maana ya mila ileile huku jina lake likibaki palepale. Kihamba chenye kahawa ya kuuza kupitia KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, si kihamba kilekile cha migomba pekee, na kadiri kilivyopanda thamani ndivyo ilivyokuwa na faida zaidi kumsahau ndugu aliyehama.

Kwa sababu hiyo, anaendelea mwanasheria, sheria huuliza swali kwa namna inayoweza kuhesabiwa. Njia iliyo wazi zaidi ni ya kutafuta mzazi wa pamoja, yaani mtu au wanandoa wa karibu zaidi ambao wote wawili wametokana nao, kisha kuhesabu hatua kutoka kwa kila mmoja hadi kwa mzazi huyo, na kuzijumlisha. Ndugu wa tumbo moja wana hatua moja kila upande, jumla mbili; mtu na baba yake mdogo wana mbili na moja, jumla tatu; watoto wa ndugu wawili wana mbili na mbili, jumla nne. Hivi ndivyo Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinavyohesabu, na zinazuia ndoa ya ndugu wa pembeni, yaani wasiotokana mmoja na mwingine, mpaka hatua ya nne. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haihesabu bali inataja: inamzuia mtu kuoana na mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, ndugu, shangazi, mjomba, mpwa, na hata ndugu wa babu au wa bibi, huku ikimhesabu ndugu wa mzazi mmoja sawa na ndugu wa wazazi wote wawili, lakini haiwazuii watoto wa mtu na nduguye. Mila ya ukoo inakwenda mbali kuliko zote mbili, kwa maana inawazuia watu wa ukoo mmoja kuoana hata kama babu yao wa pamoja aliishi vizazi kumi vilivyopita na hakuna awezaye kutaja majina yaliyo katikati.

Nyaraka za kuanzia hesabu hiyo zipo, anasema mwanasheria. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893, na desturi ya makanisa ni kuandika katika daftari la ubatizo jina la mtoto, wazazi wake na msimamizi wake. Cheti cha kuzaliwa au mstari mmoja wa daftari la ubatizo ni hatua moja tu ya nasaba, ila hatua zikiunganishwa moja baada ya nyingine hupatikana njia ambayo mtu asiyewajua wahusika anaweza kuikagua.

Pingamizi la shangazi

Shangazi anaomba pande zote mbili zipimwe kwa mfano mmoja. Kijana na binti wanataka kuoana, na majina yao ya ukoo ni tofauti kabisa, mmoja akitoka Kibosho na mwingine akitokea Rombo. Babu mzaa baba wa kijana alikuwa na dada, naye dada huyo aliolewa katika ukoo wa pili, akazaa binti ambaye aliolewa katika ukoo wa tatu, na binti wa huyo ndiye anayeposwa. Ukihesabu kwa njia ya mwanasheria, kijana ana hatua tatu hadi kwa wazazi wa babu yake, na binti ana tatu hadi kwa wazazi haohao, ambao ndio wazazi wa bibi yake, kwa hiyo wao ni watoto wa mabinamu, na jumla ya hatua zao ni sita.

Mzee wa ukoo, anasema shangazi, hawezi kuugundua undugu huo, kwa sababu nasaba anayoisimulia inamtaja babu wa kijana kwa jina, na nafasi yake, na mpaka wa kihamba chake, lakini kuhusu dada yake inasema tu kwamba kulikuwa na mabinti na waliolewa. Kihamba nacho hakitamsaidia, kwa maana dada huyo hakukatiwa kihamba kwao, na huko alikoolewa alizikwa kwenye ardhi ya mumewe. Ndipo shangazi anapofikia kiini cha hoja yake: nasaba ya ukoo ni daftari la wagawiwa ardhi zaidi ya kuwa daftari la uzazi, na kila ambaye hakugawiwa ardhi, awe binti, awe mtoto wa katikati aliyekwenda kutafuta maisha kwingine akawekwa kando, awe asiyezaa, ameondoka katika nasaba kwa sababu hiyohiyo moja. Mzee hakudanganya popote, ila alichoulizwa na wazee wenzake miaka yote ni nani mwenye kihamba hiki, na hakuulizwa nani mwingine alizaliwa humu.

Mwanasheria naye, anaongeza shangazi, anafurahia hesabu yake kana kwamba haijawahi kubadilika. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilihesabu vizazi vya upande mmoja tu na kuzuia mpaka kizazi cha tatu, kwa hiyo kijana na binti wa mfano huu, wakiwa Wakatoliki, wangehitaji kibali maalumu katika miaka ya 1950, lakini baada ya Novemba 1983 hawahitaji kibali chochote. Wazazi wa pamoja ni walewale, njia ni ileile, na aliyekuwa ndugu wa kukatazwa akawa mtu baki anayeruhusiwa. Katika mirathi hali ni hiyohiyo, kwani kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka mabinti katika daraja la tatu la warithi, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayowanyima wanawake ardhi, na Mahakama Kuu ya Mwanza ilishaamua mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka Kagera, kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria imefungua mlango, lakini anayetaka kuingia lazima kwanza athibitishe kwamba ni binti wa nani au mjukuu wa nani, na karatasi anayoombwa Mahakama ya Mwanzo ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao huandikwa na walewale waliosema tu kwamba mabinti waliolewa.

Hata hivyo, shangazi haoni kwamba kumbukumbu ya kukeni imepotea, anasema imewekwa mahali pengine. Ile desturi ya majina aliyoitaja mzee, ambayo kwayo mtoto wa pili hubeba jina la babu mzaa mama, huipenyeza kukeni ndani ya ukoo kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo jina lisilo la kawaida katika ukoo ni alama ya kwamba hapo aliingia mwanamke wa kwao fulani. Tangazo la kifo linalosomwa redioni nalo, linapoomba habari ziwafikie watu wa Marangu, wa Same, wa Tabora na wa Nairobi, huwataja kwa majina mabinti walioolewa na walipo, na pengine ndiyo orodha pekee ya undugu ambayo inatungwa kwa lengo la kutomwacha mtu yeyote nje.

Ushahidi wa mtaalamu wa vinasaba

Mtaalamu wa vinasaba anaanza na jambo lililowagusa watu wa mlima huu moja kwa moja. Tarehe 2 Machi 1900 utawala wa Kijerumani ulimnyonga Mangi (yaani chifu) Meli wa Moshi, pamoja na viongozi wengine wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, na mafuvu ya baadhi ya waliouawa enzi hizo yalipelekwa Ujerumani kwa ajili ya kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu kutoka Kilimanjaro yaliyolinganishwa na vinasaba vya watu walio hai yameleta majibu: fuvu moja lililingana kabisa na mzao aliye hai, na mengine mawili yalilingana karibu kabisa. Fuvu la kwanza lilikuwa na maandishi ya jina Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, ilhali fuvu la Meli mwenyewe, ambalo familia yake imelitafuta kwa miaka mingi, halikutambuliwa. Bila maabara mafuvu hayo yangebaki na namba za kabati, anasema mtaalamu, lakini bila familia zilizojua zimetokana na nani maabara isingekuwa na sampuli ya kulinganisha nayo.

Anaendelea kueleza kile ambacho kipimo kinapima. Mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi, na ndiyo maana ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki wastani wa asilimia 50, binamu wa kwanza asilimia 12.5, na watoto wa mabinamu, kama wale wa mfano wa shangazi, asilimia 3 hivi. Zaidi ya hapo vipo vinasaba vya njia moja tu: kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume na haipiti kwa binti, kwa hiyo inafuata njia ileile ya ukoo wa Kichaga, na vinasaba vya mitokondria hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, ila mabinti peke yao ndio wanaoviendeleza, kwa hiyo vinafuata mstari wa mabibi ambao daftari la ukoo haliuandiki.

Mtaalamu huyu hata hivyo ndiye anayeeleza udhaifu wa ushahidi wake kabla hajaulizwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali hushiriki wastani wa asilimia 25, mtu na baba yake mdogo hushiriki asilimia 25, na babu na mjukuu hushiriki asilimia 25, kwa hiyo kiasi peke yake hakitofautishi nafasi hizo tatu. Katika familia ya wake wengi, ambamo mtoto wa kifungua mimba anaweza kulingana umri na kitinda mimba wa babu yake, maabara inaweza kuthibitisha kwamba wanaume wawili ni watu wa karibu sana, ikashindwa kusema nani amwamkie nani. Kromosomu Y nayo, kwa kuwa ni ileile kwa baba, kwa kaka zake na kwa wanaume wengine wa ukoo kwa vizazi vingi, inaweza kumtoa mtu nje ya ukoo lakini haiwezi kumchagulia baba ndani ya ukoo. Isitoshe, kipimo hiki si cha kila mwenye shaka, kwani Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na upimaji wa uhalali wa mzazi hupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya vyombo kama mahakama au ustawi wa jamii.

Majibizano

Mzee wa ukoo: Maabara imekiri kwamba haimjui baba ni yupi, na ukoo unamjua. Aliyetoa mahari ndiye baba, na zamani mjane aliporithiwa na ndugu wa marehemu, watoto waliozaliwa baadaye waliweza kuhesabiwa kuwa wa marehemu ili jina na kihamba chake visipotee. Kipimo cha damu kingevuruga jambo ambalo wazee walilipanga kwa makusudi, na wahenga walikwisha kusema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana.

Mtaalamu wa vinasaba: Mzee ameeleza vizuri, ila hapo pana maswali mawili, kwa kuwa kujua nani aliyezaa ni jambo moja na kujua nani anayehesabiwa baba ni jambo jingine. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa hospitali ya KCMC kama kuna selimundu katika familia anauliza swali la kwanza, na atapotoshwa akijibiwa kwa la pili.

Shangazi: Na huo msemo wa kufaana hutumika kwa upendeleo. Ukoo unamkubali mtoto wa marehemu aliyezaliwa na mwingine kwa sababu atakishika kihamba, lakini mtoto wa binti aliyezalia nyumbani, ambaye damu yake haina shaka hata kidogo, huambiwa aende akawatafute wa kwao. Ukifaa kwa ardhi unakuwa ndugu, na usipofaa damu haikusaidii.

Mwanasheria: Kwa huyo wa pili sheria ina la kusema, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuomba mahakama itamke mzazi wa mtoto, hata kwa kuagiza kipimo. Na katika mirathi, aliyeachwa nje ya muhtasari wa kikao ana nafasi ya kuweka pingamizi kabla msimamizi hajathibitishwa.

Shangazi: Nafasi hiyo anaipata anayejua kwamba kikao kimekaa. Aliye Tabora husikia kihamba kimeshauzwa.

Mzee wa ukoo: Katika hilo shangazi hajakosea. Lakini akumbuke kwamba aliyemtunza mzee, akalinda kaburi na kufyeka migomba miaka 40, hawezi kuwa sawa na anayekuja na karatasi siku ya kugawana.

Shangazi: Hilo ni swali la nani astahili nini, na lijadiliwe kama lilivyo. Mtu asinyimwe undugu ili asipewe shamba. Akubaliwe kwanza kuwa ni ndugu, kisha ubishaniwe mgao wake.

Uamuzi wa mjadala

Hoja ya awali, kwamba kumbukumbu ya ukoo inatosha, inashindwa, na kinachoishinda si udhaifu wa wazee wala ubora wa karatasi, bali ni ule uchunguzi wa shangazi kwamba kumbukumbu hiyo iliundwa kujibu swali la ardhi. Kwa swali hilo, na kwa wale waliokaa kwenye ardhi, kumbukumbu ya ukoo inaaminika, kwa sababu imekaguliwa mara nyingi na watu wasiopendeleana. Kwa swali la nani azuiwe kuoana, nani yuko hatarini kwa ugonjwa wa kurithi, au nani ameachwa, kumbukumbu hiyo haina majibu, na si haki kuusoma ukimya wake kana kwamba ni ushahidi kuwa hakuna undugu. Majibizano ya mwisho kati ya shangazi na mzee yanaongeza sharti moja, kwamba undugu upangwe kabla ya mgao kujadiliwa, kwa maana palipo na kihamba mezani kila hatua ya nasaba hugeuka kuwa dai.

Kutokana na hayo, anayetaka kupanga undugu wa familia ya mlimani anashauriwa aanze na walio hai na kupanda juu, akiandika kwa kila mtu wazazi wote wawili, na kwa kila mke jina la ukoo wake wa kuzaliwa badala ya kumwita mama wa fulani, kisha apange watoto kwa nyumba za wake na kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakiwamo waliokufa wadogo na wasiozaa. Jina linalojirudia lisichukuliwe kuwa ni la mtu yuleyule, kwa sababu desturi ya kurithisha majina huwaweka watu wawili wenye jina moja vizazi viwili mbali, na hao ndio huunganishwa kimakosa mara nyingi. Pale ambapo miaka haijulikani, kuzaliwa kwa mtu kuulizwe kwa kulinganisha na matukio yanayokumbukwa, kama kunyongwa kwa Mangi Meli mwaka 1900, kusimikwa kwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952, Uhuru wa mwaka 1961, au kufutwa kwa umangi mwaka 1963. Baba wa mahari na baba wa damu, wanapotofautiana na habari hiyo ikawa imetolewa kwa hiari, waandikwe katika nafasi mbili tofauti. Madaftari ya kanisa yafuate baada ya masimulizi, na kipimo cha vinasaba kiwe cha mwisho, kwa swali mahususi ambalo vingine vimeshindwa kulijibu.

Watu wa kuulizwa kwanza ni mabinti wa ukoo walioolewa, hasa wazee wao, kwa kuwa kila mmoja wao anazijua koo mbili kwa ndani, ule aliozaliwa na ule aliozalia, na mara nyingi anajua hata ule wa mama yake. Nasaba itakayopatikana isifungiwe kabatini na aliyeiandika, bali isomwe mbele ya kikao cha ukoo mwezi Desemba, wakati ambapo watoto wa katikati waliohama na mabinti walioolewa mbali wamo nyumbani, kwa sababu nguvu ya kumbukumbu ya mlimani, kama mzee alivyosema, ni kwamba wenye haki ya kubisha husikia inapotajwa, na kinachotakiwa ni kwamba safari hii wawepo wote.